Kukichangia Chuo cha Afya: Mfano wa Mkoa wa Singida

Mwananchi anapoombwa mchango kwa ajili ya chuo kinachofundisha wauguzi, wakunga au matabibu, aghalabu huonyeshwa ramani ya jengo. Jengo linahitajika, na hakuna anayelipinga. Hata hivyo chuo cha afya huweza kuwa na majengo mazuri kikakosa wanafunzi wa mwaka wa tatu. Maelezo haya yanatolewa ili wafanyakazi wa Serikali na wananchi wa Visiwani wafahamu chuo cha namna hiyo kinaishi kwa nini, na mchango wao ungefaa kuelekezwa wapi. Mfano unaotumika ni wa Mkoa wa Singida, katikati ya Tanzania Bara, ambako mafunzo ya afya yamejengwa kwa muda mrefu na Serikali pamoja na mashirika ya dini.

Huko Kiomboi, wilayani Iramba, hospitali ilianzishwa na wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani. Leo ni hospitali ya wilaya, na mji huo una chuo cha uuguzi. Makiungu, hospitali ilianza katika miaka ya 1950 chini ya masista wa shirika la Medical Missionaries of Mary. Itigi, kwenye Reli ya Kati, mapadre wa Shirika la Damu Azizi walifungua Hospitali ya Mtakatifu Gaspar mwaka 1989, na pembeni yake wauguzi hufundishwa. Kuwapo kwa chuo karibu na hospitali si jambo la bahati. Mkunga hafunzwi kwa daftari peke yake: hana budi kusimama kitandani mwa mzazi, mbele ya mkunga mzoefu, mara nyingi hadi mkono wake uzoee. Kwa hiyo nusu ya chuo ni wodi, na wodi isiyo na wauguzi wa kutosha haina wa kumsimamia mwanafunzi.

Upungufu huo una historia. Mwaka 1992 Serikali na makanisa yalitia saini makubaliano ya ushirikiano katika huduma za jamii, na hospitali kadhaa za makanisa zikaendelea kuhudumu kama hospitali teule za wilaya. Lakini kuanzia mwaka 1993 ajira mpya Serikalini zilisimamishwa kwa miaka kadhaa, waliostaafu wasipate wa kushika nafasi zao. Mwaka 2007 ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, uliolenga zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata, kuta zilipanda upesi kuliko watumishi. Wakati huohuo watu waliongezeka: sensa ya mwaka 2012 iliikuta Singida na watu zaidi ya milioni 1.3, na ile ya mwaka 2022 ikawakuta milioni 2.

Liko jambo ambalo mchangiaji wa mbali halitambui kwa urahisi, nalo ni kalenda ya mkulima. Singida ni nchi ya mvua chache zenye msimu mmoja. Mzazi hupata fedha anapouza alizeti, vitunguu, karanga au kuku wa kienyeji, na alizeti huvunwa kuanzia Mei na kuendelea. Mwaka wa masomo wa vyuo huanza baada ya mavuno, hivyo karo ya muhula wa kwanza hupatikana, japo kwa taabu. Ya muhula wa pili hudaiwa katika miezi ambayo mazao bado yako shambani na ghala limekwisha. Hapo ndipo msichana aliyefaulu mitihani yake hurudi nyumbani "kusubiri mavuno", na wengine hawarudi tena chuoni. Hasara yake ni ya kijiji kizima, kwa kuwa aliyezaliwa Mkalama au Manyoni ana sababu ya kukubali kupangiwa huko kuliko mgeni, ambaye huomba uhamisho tangu siku ya kwanza.

Mfuko mdogo wa kuziba pengo la muhula huo mmoja, uwe wa mkopo au wa msaada, huenda ukaokoa wakunga wengi kuliko bweni jipya. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/2024 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kuwakopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada, wakiwemo wa fani za afya. Hatua hiyo ni kubwa. Haiondoi lakini gharama za sare, chakula, na nauli ya kwenda kwenye zahanati za mazoezi.

Wako pia wasiofika hata kwenye mlango wa chuo. Masharti ya kujiunga yanamtaka mhitimu wa kidato cha nne awe amefaulu masomo ya Bayolojia, Kemia na Fizikia. Skuli isiyo na maabara wala mwalimu wa Kemia humfungia msichana mlango huo akiwa na miaka 15. Mwenye kuichangia skuli hiyo darubini na kemikali amekichangia chuo cha afya, ingawa jina lake halitaandikwa kwenye jiwe la msingi.

Kuhusu harambee, mazoea ya kujumlisha fedha taslimu na ahadi na kutangaza jumla moja hayafai. Chuo hupanga bajeti kwa jumla hiyo, kisha ahadi hazilipwi, na mkandarasi huondoka ukuta ukiwa kwenye madirisha. Ni vyema hesabu hizo mbili zisomwe mbalimbali, na orodha ya ahadi ibandikwe mahali pa wazi hadi zitakapolipwa.

Kwa upande wa Visiwani, afya si jambo la Muungano, na wataalamu hufundishwa hapa hapa, hasa katika kilichokuwa Chuo cha Sayansi za Afya, Mbweni, ambacho sasa ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Mzazi wa Micheweni anayetegemea karafuu, ambazo huzaa vyema mwaka mmoja na kugoma mwaka unaofuata, anaifahamu shida ya mkulima wa alizeti bila ya kuelezwa. Masheha na wakuu wa skuli wanaowajua wanafunzi wa afya waliokwama kwa ajili ya ada ya muhula wanaweza kuandika majina yao mapema, kabla ya tarehe ya mitihani. Mwenye kuchangia, kwa Mbweni au kwa Singida, alipe katika akaunti ya chuo chenyewe badala ya mkono wa mtu, aeleze kwa maandishi kuwa fedha ni za karo, za mazoezi ya wodini au za vifaa, na adai stakabadhi.