Mzigo wa Mwenzio: Kigari cha Betri cha Kangema

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeubeba huuona mwepesi. Methali hii sikufunzwa chuoni; niliisoma begani mwa marehemu baba yangu, Mungu amrehemu, aliyekuwa hamali wa mkokoteni mjini Mombasa tangu ujana wake hadi mvi zilipomjaa kichwani. Bega lake la kulia lilikuwa na sugu ngumu kama ukwato, kwa magunia aliyoyapakia na kuyapakua miaka na miaka.

Kwa hiyo nilipopata habari kwamba huko Kangema, katika milima ya Murang'a, yuko fundi anayeunda kigari cha betri cha kuchukulia fimbo za gofu, kwanza nilicheka. Mimi na gofu wapi na wapi? Lakini neno "kuchukua" lilinikaa moyoni. Nikataka kumwona mtu aliyekaa chini akafikiri juu ya uzito ulio begani mwa mwenzake.

NJIA YA MILIMANI

Nilifika Kangema mwezi wa Julai, wakati wa baridi na ukungu. Ukitoka mji wa Murang'a, barabara hupanda tu, mgongo wa mlima baada ya mgongo wa mlima, na kila bonde lina mto wake. Penye migomba na kahawa hugeuka pakawa pa chai. Chai hiyo, msomaji, si ngeni kwetu. Mnada wake mkubwa umo Mombasa tangu mwaka 1969 ulipohamishwa kutoka Nairobi, na mahamali wetu wameipakua kwenye maghala kwa vizazi viwili vitatu.

Matatu niliyoipanda ilikwenda kwa adabu. Abiria mmoja akanikumbusha kwamba hapa ndipo nyumbani kwa marehemu John Michuki, aliyekuwa Mbunge wa Kangema, ambaye mwaka 2004 akiwa Waziri wa Uchukuzi alizilazimisha matatu za Kenya nzima zifunge mikanda na vidhibiti mwendo. Tena mzee huyo, aliyefariki mwaka 2012, ndiye aliyekuwa mwenyewe wa hoteli ya Windsor ya Nairobi, yenye kiwanja cha gofu cha mashimo 18. Basi Kangema na gofu hawakukutana leo.

Njiani niliwaona akina mama wakishuka na kuni. Kwetu mzigo hukaa kichwani juu ya kata. Kwa Wakikuyu hukaa mgongoni, ukishikwa na ukanda wa ngozi uitwao mukwa, unaopita kwenye paji la uso. Wazee wengi wa kike huko wana alama ya ukanda huo usoni mpaka leo. Nikasema moyoni, kumbe kila nchi ina sugu yake.

KEDI WA ZAMANI

Fundi nilimkuta kwenye banda la mabati, jirani na kinu cha kusagia unga. Ni mtu wa makamo, mpole, mwenye vidole vilivyoungua kwa kulehemu. Aliniomba nisiandike jina lake mpaka kazi yake ikamilike.

"Karibu, mzee wangu. Baridi ya kwetu imekuonaje?" akauliza, akiitazama kanzu yangu na koti nililoazima.

"Imeniona mgeni, mwanangu," nikamjibu. Akacheka, akanipa kikombe cha chai na kigoda.

Kwa miaka tisa alikuwa kedi, yaani mchukuzi wa fimbo za wachezaji, katika kiwanja kimoja cha nyanda za juu ambacho sitakitaja. Wengi wetu gofu tumeiona kwa mbali tu, tukipita barabara ya Mama Ngina, pale penye kiwanja cha Mombasa kando ya bahari. Mchezo huu uliletwa na Waingereza. Klabu ya Nairobi ilianza mwaka 1906, ya Nyeri mwaka 1910, na ya Mombasa mwaka 1911. Mchezaji huruhusiwa kuwa na fimbo zisizozidi 14. Ukizitia mfukoni pamoja na mipira, mwavuli na maji, mzigo hufika kilo 12 hata 15. Mashimo 18 ni mwendo wa kilomita nane au zaidi, kwa saa nne au tano.

"Uzito wenyewe si kitu," alisema. "Kinachoumiza ni ukanda kukaa bega lile lile kila siku, na mlima usioisha. Mwaka wa nane mkono ulianza kufa ganzi usiku. Nilimwambia bwana niliyekuwa nikimchukulia. Akaniambia, mbona mfuko wenyewe mwepesi?"

Hapo nikalikumbuka kanda la usufi.

KIGARI KILICHOKIMBIA

Vigari vya betri vya gofu si jambo jipya duniani. Kampuni ya Uingereza iitwayo PowaKaddy ilianza mwaka 1983, na tangu hapo wazee wengi wa huko hutembea viwanjani nyuma ya mashine. Lakini bei yake ni kubwa, na ikiharibika kipuri hungojewa kutoka ng'ambo. Fundi wetu alitaka kitu kinachoweza kutengenezwa Kangema na kurekebishwa Nyeri au Nanyuki.

Cha kwanza alikiunda kwa mota moja, cheni na friwili ya baiskeli. Kupanda, kilipanda vizuri. Lakini friwili, kama kila mwendesha baiskeli ajuavyo, huliachia gurudumu likimbie kuishinda cheni. Alipokielekeza mteremkoni, kigari kilimponyoka na mfuko wake wa mchanga, kikapita katikati ya mikahawa, kikaishia mtoni. Watoto wa shule walicheka juma zima.

Cha pili alikitilia mota za waipa za magari makuukuu. Mota ya waipa ina gia ya parafujo: mota huweza kulizungusha gurudumu, lakini gurudumu haliwezi kuizungusha mota. Ukizima swichi katikati ya mlima, kigari husimama papo hapo kama punda aliyekataa. Hiyo ndiyo breki, wala haina gharama. Mota moja ilipata moto hata haikushikika, basi akaweka mbili, kila gurudumu na yake.

Ikabaki taabu ya mwendo. Mota hizo huzunguka mara 60 hivi kwa dakika. Kwa gurudumu la baiskeli ya mtoto la inchi 12, huo ni mwendo wa kilomita tatu na nusu kwa saa. Mchezaji huchoka kungoja. Badala ya kuongeza gia, alibadili magurudumu, akatia ya inchi 16. Mwendo ukapanda hadi kilomita nne na nusu, nao ni mwendo wa mtu asiye na haraka.

"Hicho ndicho kidhibiti mwendo changu," akasema kwa utani. "Hata Michuki angenipitisha."

Tulikitoa nje, penye nyasi nene. Nyasi hizo asili yake ni nyanda hizi hizi za Afrika Mashariki, na jina lao duniani ni la Wakikuyu. Zimepandwa katika viwanja vya Afrika Kusini, Australia na hata California. Ni nzuri kwa mpira, lakini hung'ang'ania gurudumu. Fundi alinipigia hesabu kwa kalamu ya risasi juu ya ubao. Kigari, mfuko na betri ni kama kilo 30. Penye tambarare, nyasi hutaka nguvu kama ya kuinua kilo tatu. Penye mwinuko wa mita moja katika kila mita kumi, nguvu hiyo huwa mara mbili. Kwa mwendo ule ni wati 75 hivi.

Betri nayo ilikuwa na kisa chake. Alianza na ya gari, nzito kuliko mfuko wenyewe. Isitoshe, betri ya gari haikuundwa kumalizwa umeme kila siku. Ukiifanyia hivyo hufa upesi. Sasa anatumia ya lithiamu, ya volti 12, yenye uzito wa kilo mbili na nusu tu, na inatosha mashimo 18. Ndicho kitu cha ghali kuliko vyote katika kigari, na ndicho pekee asichoweza kukiunda mwenyewe.

NANI ATAKULA?

Nikashika mpini, nikabonyeza. Kigari kikapanda mlima, nami nikikifuata mkono mtupu, pumzi yangu ikiwa ya mzee wa pwani aliyezoea ardhi ya tambarare. Nilifurahi kama mtoto. Kisha nikaona haya, maana swali lilinijia.

"Mwanangu," nikamwambia, "kigari hiki kikishaenea, yule kijana aliyekuwa akipata mkate wake kwa kubeba mfuko atakwenda wapi? Sote tulifunzwa tangu utoto kwamba ujira wa mtu hulipwa kabla jasho lake halijakauka. Wewe umelifuta jasho. Na ujira je?"

Hakunijibu upesi. Alikaa juu ya kasha, akaufuta mpini kwa kitambaa.

"Mzee wangu, swali hilo limeninyima usingizi. Wanunuzi wawili wamekuja. Wote wanataka rimoti, kigari kiende chenyewe. Naweza kuitia; vifaa vyake vinapatikana Nairobi. Lakini nikitia rimoti, kedi hana kazi tena. Nikiacha mpini wenye swichi hii, ambayo ukiiachia kigari husimama, lazima pawe na mtu anayetembea nacho. Kedi hauzi bega lake tu. Anaujua upepo, anajua mteremko wa kila shimo, anajua fimbo ipi. Wachezaji kadhaa wa kulipwa wa nchi hii walianza kwa kubeba mifuko. Nataka kigari kiwe chake kedi, akikodishe pamoja na akili yake."

"Na mchezaji akikishika mwenyewe, akamwacha kedi langoni?"

"Anaweza," akakiri. "Hilo siwezi kulifunga kwa parafujo."

Nilimpenda kwa ukweli huo. Wale wanunuzi wawili walikwenda zao bila kulipa, na mkewe, niliyemsikia akiongea nyuma ya mabati, hakuwa amefurahi. Ada za shule hazingoji. Fundi amejipa mpaka mwisho wa mwaka: makedi wasipoweza kuungana wakanunua japo vigari vitatu kwa mafungu, rimoti itawekwa.

Huenda msomaji atasema hayo ni mambo ya matajiri na mchezo wao. Mimi sioni hivyo. Kila chombo kinapoundwa, kuna mtu anayeamua nani atapumzika na nani atafukuzwa, ila mara nyingi huamua bila kujua kwamba ameamua. Huyu anajua, na uamuzi wenyewe uko kwenye swichi isiyozidi kidole gumba.

Kabla sijaondoka nilimsimulia habari za baba yangu. Nilimweleza mteremko wa kivuko cha Likoni, jinsi mahamali wanavyoipandisha mikokoteni kutoka kwenye feri, watu watatu wanne wakisukuma, miguu ikiteleza, na magari nyuma yakipiga honi. Nikamweleza Marikiti alfajiri, na magunia ya viazi yaliyotoka huku huku kwao milimani.

Alinisikiliza, kisha akaniuliza mkokoteni uliojaa una kilo ngapi. Nikamwambia mia nne na zaidi. Akauliza mteremko wa Likoni una mwinuko gani. Nikamwambia hutegemea bahari: maji yakijaa ni mdogo, yakitoka huwa mkali.

"Ukirudi nyumbani, mzee wangu," akasema, "nenda ukaupime maji yakiwa yametoka. Unitumie hesabu."

Akaichukua kalamu yake ya risasi, akafuta namba za gofu ubaoni, akaandika mia nne.