Mwanga Unaogeuza Sumaku

Sumaku tumezoea kuigeuza kwa sumaku. Ndani ya diski kuu ya kompyuta, umeme hupitishwa kwenye koili ndogo mno, koili ikazaa uga wa sumaku, na uga huo ukageuza upande wa kipande cha utando wa metali chenye upana wa makumi ya nanomita: kikielekea huku ni sifuri, kikielekea kule ni moja. Picha na hesabu nyingi zilizohifadhiwa mtandaoni zimeandikwa kwa namna hiyo. Lakini njia hii ina kikomo cha kasi. Mwaka 2004, watafiti waliotumia mashine ya kuharakishia elektroni ya SLAC huko Stanford, Marekani, walipiga utando wa sumaku kwa mipigo mikali ya uga iliyodumu pikosekunde 2 hivi, na pikosekunde moja ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde. Uga ulikuwa mkali kweli kweli, ila usumaku ulianza kugeuka ovyo, sehemu moja ukikubali na nyingine ukikataa. Kwa maoni yangu, matokeo hayo ndiyo yanayoonyesha kwa nini mwanga wa leza una maana kubwa hapa. Leza haikushinda kwa nguvu. Imeshinda kwa ufupi wa mpigo wake.

Uhusiano wa mwanga na sumaku ni wa zamani. Michael Faraday aliuona London mwaka 1845, aliposhuhudia sumaku ikizungusha mwelekeo wa mawimbi ya mwanga uliopita ndani ya kioo kizito. Kugeuza mambo, mwanga nao uitawale sumaku, kulisubiri leza zenye mipigo ya femtosekunde, yaani sehemu za elfu za pikosekunde. Katika femtosekunde 40, mwanga wenyewe husafiri masafa yasiyofikia unene wa unywele. Mwaka 1996, Eric Beaurepaire, Jean-Yves Bigot na wenzao mjini Strasbourg, Ufaransa, waliupiga utando wa nikeli kwa mipigo ya femtosekunde 60, na usumaku wake ukaporomoka kabla pikosekunde moja haijaisha. Hilo halikutarajiwa. Nikeli hupoteza usumaku ikifika nyuzi joto 355 hivi za Selsiasi, lakini ilidhaniwa kwamba joto lingehitaji muda mrefu zaidi kulifikia chimbuko la usumaku huo. Leza ilikuwa imeziwasha elektroni wakati atomu zenyewe bado zimepoa.

Kuufuta usumaku ni jambo moja, kuuelekeza ni jingine. Mwaka 2007, kundi la Chuo Kikuu cha Radboud mjini Nijmegen, Uholanzi, pamoja na wenzao wa Japani, walichukua aloi ya gadolini, chuma na kobalti, wakaipitishia mwanga ambao mawimbi yake hujizungusha. Yakizunguka upande mmoja, leza iliacha mstari mweusi chini ya hadubini. Yakizunguka upande wa pili, mstari mweupe. Hapakuwa na koili wala sumaku yoyote ya nje. Wengi waliamini kwamba mzunguko wa mwanga ndio uliousukuma usumaku upande mmoja au mwingine.

Pingamizi likaja, tena la haki: huenda ni joto tu. Mwaka 2012 ilithibitishwa kwamba, katika aloi hiyo, mwanga usiojizungusha hata kidogo hugeuza usumaku vilevile. Mpigo wa kwanza unaugeuza, wa pili unaurudisha, wa tatu unaugeuza tena. Wapo wanaosema basi mwanga hapa ni jiko la gharama kubwa. Sikubaliani nao, na sababu yangu iko ndani ya aloi yenyewe. Usumaku wa chuma na ule wa gadolini huelekeana kinyume, na vipimo vya eksirei vilivyochapishwa mwaka 2011 vilionyesha kwamba haviporomoki pamoja: ule wa chuma huisha kwa femtosekunde 300 hivi, wa gadolini huchukua kama pikosekunde moja na nusu. Katika mwanya huo chuma huvuka sifuri na kuanza kuelekea upande mmoja na gadolini, hali isiyokuwepo aloi ikiwa imetulia. Gadolini inapogeuka baadaye, kila kimoja kimeshika upande mpya. Ukiipasha aloi hiyo polepole, mwanya huo hautokei kamwe. Ni joto, sawa, lakini joto linalofanya kazi kwa sababu limefika ghafla.

Wala si kila mahali ni joto. Mwaka 2017, watafiti wa Białystok, Poland, pamoja na wale wa Nijmegen, walitumia ganeti yenye kobalti kidogo, kitu kinachopitisha sehemu kubwa ya mwanga badala ya kuumeza. Mpigo mmoja ulitosha kuandika, mwelekeo wa mtikisiko wa mawimbi ukachagua upande, na joto lililobaki lilikuwa dogo sana. Hapa lazima nikiri kwamba ufupi peke yake hauelezi kila kitu. Umbo la mwanga nalo limeamua.

Pingamizi zito zaidi ni la ukubwa. Doa la leza ya kawaida lina upana wa mamia ya nanomita, mara nyingi zaidi ya kipande kimoja cha data kwenye diski ya leo. Diski mpya za kampuni ya Seagate zina leza kichwani, nayo hubanwa na kiungo kidogo cha metali hadi doa dogo mno, lakini kazi yake ni kupasha tu. Kinachogeuza bado ni koili. Hata hivyo, mwaka huohuo wa 2017, watafiti wa Berkeley, California, waliigeuza aloi ya gadolini, chuma na kobalti kwa mpigo wa umeme wa pikosekunde 10 hivi, bila mwanga kuigusa aloi. Joto la ghafla lilitosha, hata lilipoletwa na waya. Na waya, tofauti na mwale wa leza, viwanda vya chipu vinajua tayari kuutengeneza kwa upana wa makumi machache ya nanomita.