Mafumbo ya Firefly: Mashabiki walivyoisoma upya tamthilia iliyokatizwa

Tamthilia ya televisheni ya Marekani iitwayo Firefly ilirushwa kwa miezi mitatu tu mwaka 2002, kisha ikaondolewa hewani hadithi yake ikiwa bado changa. Zaidi ya miaka 20 baadaye, mashabiki wake wangali wanajadili yaliyofichwa ndani yake: nembo zilizobandikwa kwenye makopo ya chakula, umbali kati ya sayari moja na nyingine, na siri ya mchungaji wa dini asiyependa kuulizwa alikotoka. Mijadala hiyo imezaa swali linalowahusu hata wale ambao hawajawahi kuitazama. Mtu anapoona mantiki iliyojificha ndani ya hadithi, atajuaje kwamba iliwekwa na mtunzi, na kwamba si yeye mwenyewe aliyeibuni?

Kauboi wa anga za mbali

Firefly ilibuniwa na Joss Whedon, na matukio yake yanatokea mwaka 2517. Binadamu wameihama Dunia iliyochoka na kwenda kuishi kwenye sayari nyingine, zilizorekebishwa hewa na udongo wake ili zikalike. Sayari za katikati zina utajiri, hospitali na majeshi. Za pembezoni zina vumbi, farasi na watu wanaotembea na bastola kiunoni, kama katika filamu za kikauboi.

Nahodha Malcolm Reynolds, anayeigizwa na Nathan Fillion, alipigana upande ulioshindwa katika vita dhidi ya serikali kuu iitwayo Alliance. Sasa anajikimu kwa kusafirisha mizigo, ya halali na ya magendo, kwa chombo kikuukuu kiitwacho Serenity. Ndani ya chombo hicho wanaishi watu tisa, wakiwemo daktari kijana Simon Tam na dada yake River, waliomtoroka mkono mrefu wa serikali baada ya msichana huyo kufanyiwa majaribio ya ubongo.

Hadithi iliyoanzia katikati

Fumbo la kwanza halikutegwa na mtunzi. Lilitokana na ratiba. Kituo cha Fox hakikuridhika na sehemu ya kwanza ya saa mbili iliyokuwa imekwisha kupigwa picha, kikataka nyingine yenye pilikapilika zaidi. Whedon na mwenzake Tim Minear wakaandika sehemu mpya, The Train Job, kwa siku za mwisho wa juma moja tu. Hiyo ndiyo iliyorushwa tarehe 20 Septemba 2002. Sehemu ya kwanza halisi ilionyeshwa tarehe 20 Desemba, ikiwa ya mwisho. Kati ya sehemu 14 zilizotengenezwa, 11 pekee zilirushwa katika msimu huo, na nyingi zilikuwa zimechanganywa mpangilio.

Madhara yake yalikuwa makubwa kuliko usumbufu wa kawaida. Katika sehemu ya kwanza halisi, Simon anapanda chomboni na sanduku ambalo hataki liguswe. Linapofunguliwa, ndani yake yumo River. Watazamaji wa mwaka 2002 walikuwa wamemwona River akitembea chomboni kwa wiki nyingi kabla ya kuonyeshwa sanduku hilo. Jibu lilitangulia, swali likafuata.

Hali ilikuwa hiyohiyo kwa kundi la watu katili waitwao Reavers. Sehemu ya kwanza halisi inaonyesha chombo chao kikipita karibu na Serenity huku mabaharia wote wakinyamaza kwa hofu. Bila tukio hilo, mazungumzo kuhusu Reavers katika sehemu zilizofuata yalisikika kama porojo za kutishia watoto.

Diski za DVD zilipotoka Desemba 2003, sehemu zote 14 ziliwekwa kwa mpangilio uliokusudiwa. Hapo ndipo wengi walipotambua kwamba yale waliyoyadhania kuwa mapengo ya utunzi yalikuwa yamesababishwa na ratiba. Imani hiyo ndiyo iliyowafanya waanze kuchunguza kila pembe ya picha: ikiwa kazi hii ilipangwa kwa uangalifu kiasi hicho, ni nini kingine kilichowapita?

Nembo kwenye makopo

Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa kampuni ya kubuni iitwayo Blue Sun, yaani Jua la Buluu. Hakuna mhusika anayeieleza kwa kirefu. Nembo yake lakini huonekana kwenye makopo, kwenye vifungashio na kwenye mavazi. Katika sehemu iitwayo Shindig, River anayafikia makopo ya jikoni na kuanza kuyachana lebo zake. Wenzake wanaliona tendo hilo kuwa dalili nyingine ya akili iliyovurugika.

Baadaye, katika sehemu iitwayo Ariel, River anamkata kwa kisu kifuani Jayne, mmoja wa wenzake, bila ugomvi wowote kati yao. Jayne alikuwa amevaa fulana yenye nembo ya Blue Sun. Mashabiki waliyaunganisha matukio hayo mawili na wale mawakala wa ajabu wenye glavu za buluu wanaomwinda msichana huyo. Hoja yao ni kwamba kampuni hiyo ilishiriki katika mateso yake, na kwamba River alikuwa akisema ukweli kwa njia pekee iliyombakia.

Maelezo ya pili nayo yana uzito. Katika sehemu hiyohiyo, Jayne anajaribu kuwasaliti River na kaka yake kwa vyombo vya dola ili alipwe zawadi. River ana uwezo wa kuhisi mawazo ya watu. Huenda basi alichokishambulia ni usaliti uliokuwa ukipikwa ndani ya kifua kile, wala hakuijali fulana.

Maelezo haya mawili hayagongani, na yote mawili yanategemea mambo yanayoonekana katika picha. Hata hivyo tamthilia ilikatizwa kabla ya kutamka lolote kuhusu uhusiano wa Blue Sun na mateso ya River. Shabiki makini husema kwamba dalili zipo, hukumu haipo.

Mzaha si ushahidi

Uangalifu huo unahitajika kwa sababu si kila kilichofichwa ni dalili. Katika mandhari ya nyuma ya baadhi ya matukio kuna kisanamu kidogo cha Han Solo, mhusika wa Star Wars, akiwa amegandishwa kama alivyogandishwa katika filamu hiyo. Vilevile, katika tukio la vita linalofungua sehemu ya kwanza halisi, kioo cha kulengea shabaha cha mzinga kinaonyesha nembo ya Weyland-Yutani, kampuni ya kubuni kutoka filamu za Alien. Whedon ndiye aliyeandika mswada wa filamu ya nne ya mfululizo huo, Alien: Resurrection, ya mwaka 1997.

Mtu angeweza kujenga nadharia nzima juu ya vitu hivyo na kudai kwamba hadithi zote tatu zinatokea katika ulimwengu mmoja. Lakini hakuna mhusika anayekigusa kisanamu kile, wala tukio linalobadilika kwa sababu ya nembo ile. Ni utani wa mafundi wa jukwaani. Makopo ya Blue Sun yako tofauti, kwa kuwa kuna mtu ndani ya hadithi anayeyaona, anayachukia na kuyatendea jambo. Dalili ya kweli hufanya kazi ndani ya kisa. Mzaha hupamba ukuta tu.

Ramani ya nyota tano

Katika suala la umbali, mashabiki walitumia hesabu. Safari za Serenity huchukua siku au wiki. Hakuna anayetaja mtambo wa kukimbia kuliko mwanga. Nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu iko umbali ambao mwanga wenyewe huusafiri kwa zaidi ya miaka minne. Kwa hiyo, ingawa wahusika wakati mwingine hutamka neno galaksi, wengi walihitimisha kwamba sayari zote hizo ziko ndani ya mfumo mmoja wa nyota.

Mwaka 2005 ilitoka filamu ya kuendeleza hadithi, yenye jina la chombo chenyewe, Serenity. Maelezo yake ya ufunguzi yalithibitisha hoja hiyo: wahamiaji walifika katika mfumo mmoja wenye sayari kadhaa na miezi mamia. Ramani rasmi iliyotolewa mwaka 2008 ikaonyesha nyota tano katika mfumo huo, kila moja na sayari zake. Nyota hizo zina pia majina ya Kichina ya viumbe walinzi wa pande za dunia, kama vile simbamarara mweupe na joka la buluu.

Mfumo wenyewe umepewa jina 34 Tauri, na jina hilo lina kichekesho chake. Mwaka 1690 mwanaastronomia Mwingereza John Flamsteed aliorodhesha kitu alichokiona angani kwa jina hilo, akidhani ni nyota. Kilikuwa sayari ya Uranus, iliyokuja kutambuliwa na William Herschel mwaka 1781. Nyota ya 34 Tauri haikuwahi kuwepo, na kwa sababu hiyo inafaa sana kuwa makazi ya ulimwengu wa kubuni.

Lisemwalo lipo

Katika tamthilia, watu hueleza kwamba Reavers ni wanadamu waliofika ukingoni mwa anga, wakakutana na utupu na kurukwa na akili. Filamu ilileta maelezo mengine. Serikali ilimwaga dawa katika hewa ya sayari iitwayo Miranda ili kuwatuliza wakazi wake. Watu milioni 30 walitulia mno hata wakaacha kula na kupumua. Kiasi cha asilimia 0.1 walipatwa na kinyume chake, wakageuka wanyama. Kwa hesabu rahisi, hao ni watu 30,000, idadi inayotosha kuzitia hofu sayari zote za pembezoni.

Baadhi ya watazamaji waliona kwamba filamu inapingana na tamthilia. Wengine wakajibu kwamba maelezo ya awali hayakutolewa na mtunzi. Yalitolewa na mabaharia waliokuwa wakirudia walichokisikia. Serikali ilifuta Miranda katika kumbukumbu, na penye taarifa iliyofichwa, uvumi ndio unaojaza nafasi. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Uvumi wa Reavers ulikuwa sahihi kuhusu kuwepo kwao na ukakosea kuhusu chanzo chao.

Siri ya mchungaji

Nadharia chache hupata bahati ya kupimwa. Moja iliyopimwa inamhusu Mchungaji Book, aliyeigizwa na Ron Glass. Katika sehemu iitwayo Safe, Book anapigwa risasi na wenzake wanampeleka kwenye meli ya serikali kuomba matibabu. Maofisa wanakataa, hadi kitambulisho chake kinaposomwa kwenye mashine. Papo hapo anatibiwa, tena kwa heshima. Mashabiki wengi walikisia kwamba aliwahi kuwa ofisa wa ngazi ya juu katika Alliance.

Mwaka 2010 kilitoka kitabu cha katuni, The Shepherd's Tale, kilichosimulia maisha yake. Nadharia ilithibitika nusu. Book alikuwa kweli ofisa wa Alliance, lakini alipandikizwa humo na upande wa waasi. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Safari hii werevu walifika mlangoni, ingawa chumba cha ndani hawakukiona.

Pasipo na jibu

Kuna maswali ambayo mantiki ya mashabiki haiwezi kuyatetea. Wahusika wa Firefly hutukana kwa Kichina, na maandishi ya Kichina yametapakaa kila mahali. Maelezo yanayotolewa ni kwamba Marekani na China ndizo zilizoongoza uhamaji kutoka duniani. Hata hivyo, hakuna hata mmoja kati ya waigizaji tisa wakuu mwenye asili ya Kichina. Wakosoaji wamelitaja jambo hilo kwa miaka mingi, na ramani yoyote ile haiwezi kulifunika.

Suala jingine ni vita vyenyewe. Whedon alipata wazo la tamthilia hii baada ya kusoma The Killer Angels, riwaya ya Michael Shaara kuhusu mapigano ya Gettysburg katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Alichukua hisia za askari walioshindwa, akaacha utumwa, ambao ndio uliokuwa kiini cha vita hivyo. Kuusoma ulimwengu huu kwa makini ni pamoja na kuuliza nini kimeachwa nje.

Kilichovunwa

Juhudi za mashabiki hazikuishia kwenye majadiliano. Walichangishana fedha na kulipia tangazo katika jarida la Variety kuomba tamthilia isikatizwe. Ombi hilo halikusikilizwa, lakini mauzo ya DVD yalisaidia kuishawishi kampuni ya Universal kutengeneza filamu. Mwaka 2007, mwanaanga Steven Swanson alibeba nakala za tamthilia na filamu hiyo hadi Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu.

Tangu mwaka 2006 mashabiki katika miji mbalimbali huandaa maonyesho ya hisani ya filamu ya Serenity. Sehemu kubwa ya mapato imekwenda kwa shirika la Equality Now, linalotetea haki za wanawake na wasichana na lenye ofisi jijini Nairobi. Hivyo hadithi iliyofutwa kwenye ratiba ya kituo kimoja cha Marekani imechangia kazi inayofanywa pia Afrika Mashariki.

Kuhusu Blue Sun, bado hakuna jibu. Makopo yapo, lebo zimechanwa, na aliyezichana hakuulizwa sababu.