Kabla ya Kuweka Namba ya Siri

Ushauri tunaopewa kila siku kuhusu matapeli wa mtandaoni unataka tuwe wapelelezi: tutazame ukurasa una wafuasi wangapi, picha zinavutia kiasi gani, muuzaji anajibu kwa adabu au la. Vyote hivyo vinanunulika. Wafuasi huuzwa kwa maelfu, picha za viatu na simu huibwa kwenye kurasa za maduka halisi, na umati wa wateja wanaoshukuru unaweza kuwa mtu mmoja mwenye akaunti kumi. Ni afadhali mnunuzi ajiulize swali moja: pesa yangu ikishatoka, nani ana uwezo wa kuirudisha?

Pesa ya simu, tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, ilienea kama njia ya kumtumia mtu unayemjua, mzazi kijijini au ndugu mjini. Sifa yake ni kwamba mpokeaji anaweza kuitoa kwa wakala dakika hiyohiyo, na kasi hiyo ndiyo mtaji wa tapeli. Kampuni ya simu inaweza kusaidia muamala uliokosewa iwapo salio halijaguswa. Likishatolewa, unabaki na RB tu mkononi, yaani namba ya taarifa uliyoandikisha polisi. Wapo wanaosema laini siku hizi husajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo mwizi hana pa kujificha. Lakini usajili humtaja mwenye kitambulisho, si lazima aliyeshika simu. Kama kila laini ingekuwa kwa mwenyewe, Watanzania wasingehitaji kupiga *106# kukagua namba zilizosajiliwa kwa vitambulisho vyao.

Kwa hiyo lipa mzigo ukishaufungua na kuukagua. Wauzaji wengi waaminifu watalalamika, na wana haki: wateja huagiza, bodaboda inafika, simu haipokelewi. Hasara hiyo inatibika kwa kutanguliza nauli ya kuleta mzigo tu, kiasi ambacho hata kikipotea hakitakuumiza. Anayedai bei yote kwanza, tena kwa namba binafsi wakati ana duka lenye jina, ameshakuhamishia hatari yote. Na kabla ya kuweka namba ya siri, soma jina la mpokeaji linalojitokeza kwenye simu. Likiwa halihusiani na duka wala na mtu unayezungumza naye, acha hapohapo. Maelezo ya "hiyo ni laini ya mdogo wangu" hayatoshi.

Tiketi ni ngumu zaidi, kwa sababu hulipiwa kabla ya tukio. Tena hapa tapeli hahitaji hata kughushi. Tiketi ya kielektroniki ni msimbo ambao mashine ya mlangoni huukubali mara moja tu. Mtu mmoja akinunua tiketi halali ya tamasha, anaweza kuwauzia watu ishirini picha yake, na atakayetangulia ndiye atakayeingia. Kumi na tisa waliobaki wana tiketi inayofanana kabisa na ya kweli. Hakuna jicho linaloweza kuzitofautisha, ndiyo maana pa kununulia ni pale tu waandaaji walipotangaza wenyewe, hata kama mechi ni ya Simba na Yanga na mtu anakuhimiza kwamba zimebaki mbili.

Ukipata ujumbe wa kitapeli Tanzania, usiufute. Upeleke 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini humo, pamoja na namba iliyoutuma, hata kama hukupoteza shilingi.