Matabaka ya Kakapel na Ushahidi wa Historia ya Lugha

Mahali palipokaliwa na watu wa zama mbalimbali pafaa kulinganishwa na hati iliyoandikwa na waandishi wengi, kila mmoja akiandika juu ya maandishi ya aliyemtangulia. Hati hiyo husomwa mara moja tu, kwani mchimbaji huiharibu kadiri anavyoisoma. Mjenzi naye huiharibu bila kuisoma. Hiyo ndiyo sababu ya kufanya uchunguzi wa akiolojia kabla ya msingi wa jengo kuchimbwa.

Manufaa ya usomaji huo yanadhihirika Kakapel, pango la mwamba katika vilima vya Chelelemuk, si mbali na Malaba. Michoro yake ilielezwa na Osaga Odak mwaka 1977. Uchimbaji wa baadaye, uliofanywa kwa ajili ya utafiti wala si ujenzi, ulionyesha kuwa watu walianza kulitumia pango miaka 9,000 hivi iliyopita. Udongo wa kila tabaka ulitiwa majini ili mbegu zilizoungua zielee, kisha mbegu zenyewe zikapimwa umri kwa kaboni. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kunde za miaka 2,300 hivi, na wimbi wa miaka 1,000 au zaidi.

Kwa mwanaisimu, jambo hili lina uzito. Mzizi -kunde umeenea katika lugha nyingi za Kibantu, na kwa hiyo hukadiriwa kuwa wa kale. Lakini neno halina tarehe, na mbegu haina jina. Wala chungu hakisemi lugha ya mfinyanzi wake. Ni pale tu mbegu, chungu na mkaa vinapopatikana katika tabaka moja ndipo hoja ya mwanaisimu inapoweza kupimwa.

Kakapel inalindwa kisheria. Viwanja na mashamba yaliyoko kati ya Busia na Malaba hujengwa kila siku. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yadai tathmini kabla ya miradi mikubwa, na Sheria ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yamtaka avumbuaye mambo ya kale atoe taarifa. Hata hivyo, sheria haiwezi kulinda kisichotambuliwa. Kigae kilichotupwa pamoja na kifusi chaweza kuokotwa tena. Tabaka lake halirudi, na pamoja nalo hupotea ushahidi ambao hakuna kamusi iwezayo kuufidia.