Breki na Rimu kwenye Miteremko ya Kasulu na Kibondo
Sehemu ya Pili: Rimu ya inchi ngapi, diski ya ukubwa gani?

Juma lililopita nilieleza kwamba breki haifuti mwendo wa gari, huugeuza kuwa joto. Leo nafika kwenye swali ambalo wenye magari wa Kasulu na Kibondo wanaliuliza zaidi tangu lami ianze kusogea kwenye barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, ule mradi wa kilomita 260 uliopata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Swali lenyewe: nifunge diski kubwa kiasi gani, na rimu ya inchi ngapi? Vijana wenye Subaru Impreza na Toyota Altezza wanauliza kwa sababu ya mwendo. Wenye Noah na Probox za abiria wanauliza kwa sababu ya mzigo na milima. Wote nawajibu jambo moja: breki ndiyo ichague rimu. Anayenunua rimu kwanza kwa sababu inapendeza, kisha akamwambia fundi atafute breki ya kuingia humo, amelianza jambo mwishoni.

Tuanze na joto lenyewe, kwa hesabu. Ziwa Tanganyika liko mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji wa Kasulu uko zaidi ya mita 1,200. Chukua Noah iliyojaa abiria na mizigo yao, uzito wa tani mbili, ikishuka jumla ya mita 500 kuelekea ziwani. Nishati inayotakiwa kumezwa katika kushuka huko ni jouli milioni 10 hivi. Gari hilohilo likiwa kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa, kulisimamisha kabisa kunatoa jouli kama laki tano. Kwa hiyo mteremko huo, ukiutazama kwa jicho la breki, ni sawa na kusimama kutoka kilomita 80 mara 20. Bila shaka upepo, tairi na injini hubeba sehemu yao, na hakuna anayeshuka mita zote hizo kwa mfululizo bila kukuta kipande cha tambarare. Lakini dereva anayeteremka kwa gia kubwa, mguu umelala juu ya pedeli ya breki, ameziachia pedi karibu kazi yote.

Hapo ndipo dereva wa mashindano anapotofautiana na sisi. Yeye hukanyaga kwa nguvu, kwa muda mfupi, kisha huachia, na kwenye mnyoofu upepo hupooza diski zake. Sisi mteremkoni tunagusa kidogo kidogo bila kuachia, na joto halipati nafasi ya kutoka. Ndiyo maana maboresho ya kwanza ya breki katika nyanda hizi hayauzwi dukani. Ni kuingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, kukanyaga kwa uthabiti mwendo unapopanda, kisha kuachia kabisa.

Baada ya hapo, fedha yako ya kwanza iende kwenye mafuta ya breki. Hiki ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote nitakavyovitaja leo, nacho ndicho kinachosahauliwa zaidi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa kidogo kidogo kupitia mipira na mfuniko wa kopo lake, na nchi yetu ina mvua za kutosha tangu Oktoba hadi Mei. Mafuta mapya ya DOT 3 yanatakiwa yasichemke kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 ni 230 yakiwa mapya na 155 yakiwa na unyevu, na DOT 5.1 ni 260 na 180. Yakichemka ndani ya kalipa hutoa mvuke, na mvuke hubanwa, wakati mafuta hayabanwi. Unakanyaga, pedeli inazama hadi sakafuni, gari linaendelea. Ukisubiri dakika kadhaa breki inarudi kana kwamba hakukuwa na tatizo, na fundi atakayekagua baadaye hataona kitu.

Fungua boneti uangalie kopo la masta silinda. Mafuta mazima ni meupe au yana umanjano hafifu. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi, yatolewe yote, hewa itolewe gurudumu kwa gurudumu, yaingizwe mapya, na hili lirudiwe kila baada ya miaka miwili. DOT 3, DOT 4 na DOT 5.1 ni jamii moja. DOT 5 pekee ni ya silikoni na haichanganywi na hizo. Na msomaji, usikubali mtu ajazie oili ya usukani au ya hidroliki eti kwa sababu kopo limepungua. Oili hizo huvimbisha mipira yote ya mfumo, na kitakachofuata ni kununua masta silinda na kalipa.

Pili ni vumbi. Ukivua gurudumu la nyuma la Probox iliyofanya kazi msimu mzima wa kiangazi kwenye njia za vijijini, ukaigonga ngoma ya breki ikachomoka, kinachomwagika ni unga mwekundu uliochanganyika na unga mweusi wa shuu. Ngoma huilinda shuu dhidi ya tope, lakini kilichokwisha kuingia ndani hakina pa kutokea. Ngoma ina udhaifu mwingine: ikipata moto hutanuka na kuikimbia shuu, hivyo pedeli hushuka zaidi kadiri mteremko unavyorefuka. Diski huonyesha uso wake kwa upepo, hupoa mapema na hujipangusa yenyewe. Tatizo lake ni pini ambazo kalipa hutelezea. Vumbi likipenya kwenye mpira uliochanika, pini hukwama, pedi ya upande mmoja inakwisha huku ya upande wa pili ikiwa nene, na diski inabadilika rangi kuwa ya bluu kwa joto. Nimeona magari mengi ambayo mwenyewe alitaka kununua diski kubwa, kumbe alihitaji pini safi, grisi ya breki inayostahimili moto, na mipira mipya.

Wala tusiidharau ngoma. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, alishinda mbio za Safari mwaka 1966 na tena 1967 akiendesha Peugeot 404, na 404 za miaka hiyo zilikuwa na breki za ngoma. Ngoma iliyotunzwa, mikononi mwa dereva anayejua kutumia injini, inafanya kazi.

Tatu ni pedi. Wanaoendesha kwenye viwanja vya mashindano hufunga pedi zinazostahimili joto linalozishinda pedi za kawaida, na vijana wetu wameanza kuziulizia. Mimi nawakataza. Pedi za namna hiyo zinataka moto kwanza ndipo zishike. Asubuhi ya Juni pale Kibondo, baridi ikiwa bado imekaza, mtoto akikatiza barabara umbali mfupi tu kutoka nyumbani kwako, pedi zako zitakuwa bado hazijaamka. Tafuta pedi bora za barabarani za kampuni inayojulikana, zikae kwenye diski isiyo na mifereji, zizoeshwe vizuri.

Sasa diski. Nguvu ya breki inategemea mambo matatu: pedi inavyoshika, inavyobanwa, na umbali wa pedi kutoka katikati ya gurudumu. Ukitoa diski ya milimita 255 ukaweka ya milimita 300, umbali huo huongezeka kwa takriban moja ya tano, na nguvu vivyo hivyo. Chuma nacho kimeongezeka, kwa hiyo kuna mahali zaidi pa kuhifadhi joto. Hayo ni manufaa ya kweli. Lakini gari haliwezi kusimama kwa nguvu kuliko tairi inavyoshika ardhi. Kama breki uliyonayo inaweza kufunga magurudumu, au kuiamsha ABS, basi diski kubwa haitafupisha hata mita moja ya kusimama kwa dharura. Kitakachobadilika ni uvumilivu wa kurudia kukanyaga mara nyingi. Kwenye changarawe, ambako tairi hushika kidogo kuliko kwenye lami, mpaka huo unafikiwa mapema zaidi. Ukiongeza kalipa kubwa ya mbele peke yake, mbele itafunga mapema kuliko nyuma, na kama pistoni ni kubwa kuliko za awali, masta silinda ya zamani italazimika kusukuma mafuta mengi na pedeli itakuwa ndefu. Ndiyo maana wanaofanya kazi hii kwa uangalifu huchukua kalipa, diski na masta silinda kutoka gari moja la jamii hiyohiyo, toleo lenye injini kubwa zaidi.

Diski ikishajulikana, rimu inajichagua. Impreza STI zenye kalipa za Brembo hazikubali rimu ya inchi 15. Zinataka inchi 17, na hapo rimu kubwa ina sababu yake. Tazama pia wanavyofanya mabingwa wa dunia wa mbio za magari. Kwenye barabara za lami hutumia rimu ya inchi 18 ili diski kubwa ipate nafasi. Kwenye changarawe, gari lilelile, injini ileile, hurudishwa kwenye rimu ya inchi 15 na diski ya milimita 300. Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 pale Naivasha, walikwenda na inchi 15. Hawakukosa fedha za rimu kubwa. Walitaka ukuta mnene wa tairi kati ya jiwe na rimu.

Ukuta huo unapimika. Tairi ya 195/65R15, iliyo kwenye magari mengi madogo, ina upana wa milimita 195 na ukuta wa asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 127 hivi. Kipimo chake cha juu hadi chini ni milimita 634. Ukiweka 205/50R17 kimo kinabaki karibu palepale, milimita 637, lakini ukuta unapungua hadi milimita 102. Sentimita mbili na nusu za mpira na upepo zimeondoka, na kwenye kipande cha njia chenye mashimo na mawe ndizo zilizokuwa zikiokoa rimu isipinde. Kuna hasara nyingine isiyoonekana. Tairi hiyo ya inchi 15 kwa kawaida huandikwa namba ya uzito 91, maana yake inabeba kilo 615. Ile ya inchi 17 hupatikana ikiwa na namba 89, yaani kilo 580. Kwa magurudumu manne umepoteza kilo 140, ambazo ni abiria wawili. Mwenye gari la abiria asome namba hiyo ubavuni mwa tairi kabla hajatoa fedha.

Wako pia wanaotaka kimo ili gari lisigongwe tumboni wakati wa masika. Wanaweka 215/65R16, na gurudumu linakua hadi milimita 686, ongezeko la asilimia 8. Kuanzia siku hiyo, dashibodi ikikwambia kilomita 80, gari liko kwenye 86. Na kwa kuwa gurudumu refu linampa mwendo mkono mrefu dhidi ya diski ileile, kila unapokanyaga kwa nguvu ileile unapata breki pungufu kwa asilimia 7 hadi 8. Umeinua gari na umedhoofisha breki kwa bolti zilezile tano, na hakuna aliyegusa kalipa.

Kwa hiyo kwa Noah na Probox za njia zetu napendekeza rimu ya kiwandani, tairi ya kipimo cha kiwandani yenye namba kamili ya uzito, DOT 4 mpya na pedi nzuri. Kwa Impreza ya kawaida inayotaka kukimbia kidogo, inchi 16 inatosha, mradi kimo cha tairi kisibadilike. Usiongeze vipande vya chuma kati ya habu na rimu ili magurudumu yatokeze nje, kwa sababu mzigo utaongezeka kwenye beringi na bolti.

Ukishafunga pedi mpya, usishuke nazo mlimani siku hiyohiyo. Tafuta kipande cha tambarare kisicho na watu, punguza mwendo kutoka kilomita 60 hadi 20 mara nane au kumi bila kusimama kabisa, kisha endesha polepole bila kugusa breki hadi diski zipoe. Juma lijalo nitaeleza shokapu na springi.