Kuchora Vita vya Lugalo

Mchoraji mmoja kijana ameniandikia kuomba ushauri. Anataka kuchora Vita vya Lugalo vya tarehe 17 Agosti 1891, ambapo Wahehe wa Mtwa Mkwawa walilishinda jeshi la Wajerumani karibu na Iringa. Katika mchoro wake wa awali majeshi mawili yametazamana uwanjani, Mkwawa yuko mbele, na nyuma yake ipo ngome ya Kalenga.

Kwanza, ngome iondoke. Kalenga ilitekwa na Wajerumani Oktoba 1894, miaka mitatu baadaye, tena ni mahali pengine. Ukizichanganya, mtoto anayetazama picha hatajua Mkwawa alishinda wapi na alishindwa wapi.

Pili, Lugalo hapakuwa na safu mbili. Kamanda Emil von Zelewski alikuwa safarini, na msafara wake wa watu zaidi ya 400 ulikuwa umejinyoosha njiani kama siafu. Mizinga na bombomu vilikuwa vimefungwa juu ya punda. Wahehe walijificha vichakani hadi msafara ulipowafikia, kisha wakauvamia kwa mikuki. Askari wengi hawakuwahi kupiga zaidi ya risasi moja au mbili. Zelewski mwenyewe aliuawa.

Basi, ndugu mchoraji, chora njia nyembamba, mizigo iliyotupwa, punda waliotaharuki, na mzinga ambao bado umefungwa kamba. Mzinga huo utaeleza ushindi kuliko mkuki wowote. Anayewapeleka Wahehe uwanja wa wazi anawaachia ushujaa, lakini anawanyang'anya akili iliyowapa ushindi.

Tatu, angalia nyuso. Wazungu katika msafara ule walikuwa wachache sana. Wengi walioanguka upande wao walikuwa askari Waafrika, wakiwemo Wasudani, pamoja na wapagazi. Ukijaza Wajerumani kila pembe, umewafuta watu hao. Mpagazi aliyekufa chini ya mzigo usio wake naye anastahili kuonekana.

Mwisho, rangi. Agosti huko Iringa ni kiangazi, majani yamekauka. Usipake kijani kibichi.

Picha ikitundikwa darasani huaminiwa kuliko kitabu, maana haiulizwi maswali. Kwa hiyo mchoraji aende kwanza Lugalo, kwenye mnara wa kumbukumbu, aitazame nchi ilivyokaa. Akirudi, ndipo achovye brashi.